Kovu la Doto

Seli za Kulwa ziliitika, za Doto zikanyamaza. Ilikuwa Ijumaa asubuhi, niko maabara, feni inazunguka kwa kulalamika, na dirishani mapaa ya mabati ya Mwanza yanateremka mpaka ziwani. Nilizisoma zile namba, nikaenda kunawa uso, nikarudi kuzisoma tena.

Kulwa na Doto ni watoto wa mdogo wangu Rose. Mapacha, wavulana, wakati huo wana miezi mitatu na ushee. Mimi naitwa Evelina, na kazi yangu ni kupima damu, ila siyo ile ya kukutazama malaria na kukuandikia dawa. Sisi tunapima kumbukumbu. Nikisema hivyo watu hunicheka. Shemeji yangu Ngosha, mume wa Rose, ambaye ni fundi wa kuchomelea vyuma pale Buzuruga, aliwahi kuniomba nimpime msaidizi wake anayesahau nyundo kila siku.

Chuoni tulifundishwa kwamba mwili una walinzi wa aina mbili. Wapo wa mwanzo, wanaomrukia mdudu yeyote anayeingia bila kumuuliza jina, na wapo wa baadaye, wanaochelewa kujifunza lakini wakishamjua adui hawamsahau. Wale wa mwanzo, tuliambiwa, hawana kumbukumbu hata chembe. Niliandika hivyo kwenye mtihani nikapewa alama zote. Kumbe siyo. Seli za mwanzo nazo hukumbuka, kwa namna yao. Hazikumbuki sura ya mdudu, zinakumbuka kwamba nyumba iliwahi kuvamiwa. Mtoto akichomwa BCG, ile chanjo ya kifua kikuu, seli hizo huamka, na baadaye akija mdudu mwingine kabisa, wa nimonia au wa kuingia kwenye damu, zinainuka haraka kuliko za mtoto ambaye hajachomwa. Zenyewe haziishi sana. Lakini habari huwa imeshafika kwenye uboho wa mifupa zinakozaliwa, na zile zinazozaliwa baadaye huzaliwa zimeshaonywa. Onyo hilo hudumu miezi, pengine mwaka na zaidi, kisha hufifia.

Na wanaolihitaji zaidi ni watoto wadogo kwa uzito, wale wanaozaliwa kama kuku wa kuchinjwa kesho. Hao hao ndio wanaoambiwa wasubiri. Kulwa alizaliwa na kilo mbili na ushee, akachomwa BCG wodini kabla ya kuruhusiwa. Doto hakufika kilo mbili. Wakamwambia Rose, huyu mpeleke kliniki akishaongezeka. Ni utaratibu, na waliouandika walikuwa na sababu zao. Mimi utaratibu huo unanichoma moyo mpaka leo.

Kwa hiyo Doto alitakiwa awe amechomwa baadaye, na kwenye taarifa zetu alikuwa amechomwa. Mirija ya damu hutufikia ikiwa na namba bila majina, lakini namba za mapacha hufuatana, na mapacha kwenye utafiti wetu wa BCG kwa watoto walikuwa hao tu. Tunatenga chembe nyeupe, tunazipanga kwenye sahani ya plastiki yenye vishimo, tunazitupia vijidudu vilivyouawa, halafu tunangoja. Seli iliyofundishwa hupiga kelele, yaani hutoa kemikali nyingi za kuita wenzake. Ya Kulwa ilipiga kelele ya kuamsha mtaa. Ya Doto ilijikokota kama mtu aliyeamshwa kwa jina la mwingine.

Nilimpelekea Dakta Venant, mkuu wetu, zile namba.

"Wapo watoto wasioitikia chanjo," alisema. "Unalijua hilo."

"Ninalijua. Ila kutoitikia kabisa namna hii?"

"Ana kovu, Evelina. Wote wawili wana kovu. Rudia kipimo kama una wasiwasi."

Nilikuwa nimesharudia. Nilimpigia Rose, ambaye tangu masika yaanze alikuwa amehamia na watoto kwa mama mkwe wake, upande wa Magu, kusaidia kupalilia mpunga.

"Rose, Doto alichomwa lini BCG?"

Nilimsikia akivuta pumzi. "Si ana alama, dada."

"Sikukuuliza alama. Nimekuuliza lini."

"Dada, mtandao unakatika."

Mtandao haukuwa unakatika. Rose nimemlea mimi tangu mama yetu afariki, na najua anavyovuta pumzi akitaka kudanganya. Aliponikatia simu nilijua kuna jambo, na nilijua linamhusu yule mdogo kati ya wale wawili, ambaye seli zake hazijaambiwa chochote, na ni msimu wa mvua, na kila nyumba kuna mtu anakohoa.

Jumamosi nilipanda basi stendi ya Buzuruga mpaka Magu, kisha pikipiki kwenye njia iliyokuwa matope matupu. Nyumba yao ipo juu kidogo ya majaruba ya mpunga. Mama Ngosha alikuwa barazani anachambua maharage, mwanamke mrefu, mkavu, mwenye mikono ya kazi. Jembe lake lilikuwa limeegemea ukuta karibu naye kama mgeni mwingine.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekuja na mvua."

Rose alitoka jikoni, akanisalimia huku anatazama pembeni. Watoto walikuwa wamelazwa kwenye mkeka ndani. Kulwa alikuwa na mafua, pua imejaa, anapiga miguu kwa hasira. Doto alikuwa ametulia. Nilimbeba, mwepesi, nikapandisha mkono wa kulia wa kifulana chake.

Hapa kwetu kovu la mkono wa kulia ni kama kitambulisho. Mimi ninalo, Rose analo, dereva wa pikipiki aliyenileta analo. Nesi akikuta kadi ya mtoto haina tarehe, hupandisha nguo akatazama mkono, na akiona alama anaridhika. La Kulwa lilikuwa duara lililobonyea, kama mtu amegusa ugali kwa ncha ya kidole. La Doto lilikuwa mstari, mfupi, unaong'aa, umenyooka sawasawa. Sindano haiachi mstari.

Nilitoka naye barazani. "Mama, nani alimchanja huyu?"

Mama Ngosha hakuacha kuchambua maharage. "Mimi."

"Kwa nini?"

"Kwa wembe mpya. Nilimchanja kidogo tu, nikampaka dawa. Hakulia hata."

"Sikuuliza kwa nini, mama. Nauliza kwa sababu gani." Nilikuwa nimeshachanganyikiwa, maneno yanatoka ovyo, na yeye alinielewa vizuri kuliko nilivyojielewa.

"Mwenzake alitoka hospitali amepewa," alisema. "Baada ya wiki kadhaa mkono wa mwenzake ukafanya jipu, na huyu mkono wake mweupe, hana kitu. Mabasa hawafanyiwi hivyo. Ukimpa mmoja nguo, unampa na mwenzake. Ukimnyoa mmoja, unamnyoa na mwenzake. Ukimwacha mmoja anajiona amekataliwa, anaondoka, na akiondoka anamwita ndugu yake. Ninyi mliwatenganisha. Mimi niliwarudisha."

Mabasa ni mapacha, kwa Kisukuma. Nilimwambia kwamba wembe si chanjo. Nilimwambia amemchora mtoto uongo mwilini. Nilisema na mengine ambayo mtu hamwambii mkwe wa mdogo wake, na nilisema nikiwa nimesimama na yeye ameketi, jambo ambalo ni baya zaidi. Aliningoja nimalize.

"Mimi nilizaa mabasa kabla ya Ngosha," alisema. "Mmoja aliugua, akapelekwa misheni, akachomwa sindano. Mwenzake alikuwa mzima, wakasema huyu hana haja. Yule mzima ndiye aliyetangulia. Halafu na wa sindano akamfuata. Nimewazika wote wawili kule nyuma ya zizi. Sasa wewe ulitaka nikae niangalie?"

Nilimgeukia Rose.

"Na wewe ulijua."

"Nilijua, dada." Alikuwa amesimama mlangoni, mikono ina unga. "Nilidhani kliniki kule Mwanza watamchoma tu hata hivyo. Tulipofika, nesi akapandisha nguo akaona alama. Akasema huyu ameshachanjwa, wodini walisahau kuandika. Akajaza kadi mwenyewe. Mama ndiye aliyekuwa amempakata. Ningesema nini mbele yake?"

"Ungesema hajachanjwa."

"Mbele yake, dada?"

Hapo ndipo nilipoliona jambo lilivyo. Hakuna aliyemtakia Doto mabaya. Daktari alifuata utaratibu, bibi alifuata mila, nesi alifuata kovu, na mama aliheshimu mkwe wake. Kila mtu alifanya lake vizuri, na mtoto akabaki mtupu katikati. Afadhali angekuwepo mwovu mmoja nimchukie.

Zahanati ya pale ina nesi mmoja, Hadiya, na nyumba yake iko nyuma ya jengo. Nilimkuta anaanua nguo kabla mvua haijarudi. Nilimweleza yote. Alisikitika, nikaona kweli amesikitika, kisha akasema nilichojua atasema.

"BCG kwetu ni Alhamisi, dada. Kichupa kimoja ni cha watoto ishirini. Nikishakichanganya kinakaa saa chache tu, kinachobaki namwaga. Hapa nimebakiwa na kimoja. Nikimfungulia huyu leo, Alhamisi akina mama watatoka vijijini na watoto mgongoni, nitawaambia nini?"

Alikuwa na haki, na ningekuwa mimi ningesema hivyo hivyo. Nilirudi nikamwambia Rose afunge mizigo, Doto anakwenda na mimi Mwanza, kule wodi ya wazazi hufungua kichupa kila siku.

"Haendi mmoja," alisema Mama Ngosha.

"Basi waende wote wawili."

"Wote wawili, sawa," alisema, na akaingia ndani kumtafutia Kulwa sweta. Tulipatana hivyo, kwa urahisi kabisa, tusafiri kesho asubuhi mvua ikipungua.

Asubuhi Doto alikataa ziwa. Rose alimjaribu upande huu na upande ule, akageuza uso. Nilimvua kifulana nikaona mbavu zinavyovutwa ndani kila akihema. Kulwa naye alikuwa anawaka moto, anakohoa, analia kwa sauti ya kukwaruza. Jirani yao Masele ana gari dogo la kubebea abiria wa mnadani. Alitupakia bila maneno mengi, Rose na Kulwa kiti cha mbele, mimi na Mama Ngosha nyuma na Doto. Njia nzima mama yule alimpulizia mtoto usoni taratibu, kama anapoza uji.

Hospitali ya rufaa waliwapokea haraka, sitawasingizia. Wote wawili waliwekwa oksijeni, kitanda kimoja, mmoja kichwani mwingine miguuni. Nimonia, alisema daktari, na kwa huyu mdogo inaelekea imeingia kwenye damu. Nilikaa pale kando ya kitanda na kuangalia kwa macho kile nilichokiona kwenye sahani ya plastiki. Kulwa alipambana. Homa ilipanda, akatoka jasho, akalia, akapiga mpira wa oksijeni kwa mkono. Doto hakuwa na homa ya maana. Muuguzi mwanafunzi alipima akatabasamu, akaniambia huyu ana nafuu, joto lake liko chini. Nilitoka nje ya wodi. Mwili ule ulikuwa umevamiwa na hakuna aliyepiga kengele.

Doto alifariki Jumanne, kabla ya saa za kuona wagonjwa. Rose alikuwa anamkamulia Kulwa maziwa kwenye kikombe, mgongo wake umemwelekea. Mashine haikubadilisha mlio wala nini. Muuguzi mkubwa alikuja, akamtazama, akamfunika, kisha akamshika Rose bega.

Watu huniuliza, kama angechomwa angepona? Siwezi kuapa. Wapo watoto waliochomwa BCG na wakafa na nimonia, na wapo ambao hawakuchomwa wakakua wakawa na ndevu. Ninachojua ni kwamba alikuwa na haki ya kuonywa, na hakuonywa, na ndugu yake aliyelala naye kitanda kimoja alionywa. Nilimpenda mtoto yule. Alikuwa na tabia ya kukushika kidole na kukiangalia kana kwamba amekiona mahali.

Jumatano asubuhi Ngosha alikuja wodini akiwa na mama yake. Macho yake yalikuwa yamevimba. Alisimama mbali na kitanda cha Kulwa kama mtu anayeogopa kukigusa.

"Shemeji," aliniambia, "maziko ni kesho, nyumbani. Mama anasema Kulwa lazima awepo."

"Awepo vipi? Mtoto yuko kwenye oksijeni."

Mama Ngosha alijibu mwenyewe. Hakupandisha sauti. "Basa hazikwi peke yake. Mwenzake analazwa naye kaburini, kidogo tu, kisha anatolewa. Hapo wameagana. Asipolazwa, huyu aliyetangulia atakuwa anamngoja. Wale wangu sikufanya hivyo. Yule wa pili alikuwa mahututi, watu wakasema mwache. Wiki haikuisha."

Daktari wa zamu alikuwa amesikia. Alisema kwa upole kwamba mtoto akitolewa oksijeni leo, hatafika Buzuruga, sembuse Magu. Mama Ngosha akamtazama kama mtu anayetazama mvua upande wa pili wa ziwa.

"Asipokwenda atakufa," alisema. "Ninyi mnasema akienda atakufa. Mimi nimeshaona. Ninyi mmeona?"

Ngosha alimwangalia mkewe. Nilijua atafanya lolote atakaloambiwa na mtu wa mwisho kusema. Ndivyo alivyo, si mtu mbaya. Na nilijua Rose atanyamaza kama alivyonyamaza kliniki.

"Hatoki," alisema Rose.

Ngosha akasema, "Mama Kulwa, msikilize kwanza mama..."

"Nilimsikiliza. Nilimheshimu, nikanyamaza, na mwanangu yuko mochwari." Alikuwa ameshika kamba ya sweta ya Kulwa, anaizungusha kidoleni. "Mama nisamehe. Kulwa hatoki hapa. Mkimchukua mtanichukua na mimi, na mtanibeba kwa nguvu."

Mama Ngosha aliketi chini, pale pale kwenye sakafu ya wodi, miguu ameinyoosha. Kwa mara ya kwanza nilimwona mzee. Sikutaka kumhurumia, na nilimhurumia.

"Basi nipeni kitu chake," alisema. "Kitu chochote."

Ngosha akaokota kifulana cha Kulwa. Mama yake akakisukuma. "Nguo si mtoto. Kiwe kitu kilichotoka kwenye mwili wake, kilicho hai. Nywele zimekufa. Kucha zimekufa. Basa hazikwi na kitu kilichokufa."

"Mama," nikasema, "ninacho."

Sehemu ya damu ya watoto tuliyochukua haitumiki siku hiyo. Seli zake tunazigandisha kwenye naitrojeni ya maji, kwa baridi ambayo huwezi kuifikiria, na mle zinakaa hai, zimesimama tu, mpaka siku utakapoziyeyusha. Kichupa cha Kulwa kilikuwa mle. Nilimweleza Mama Ngosha hivyo hivyo, kwa Kiswahili cha kawaida. Alinisikiliza kwa makini kuliko mwanafunzi yeyote niliyewahi kumfundisha.

"Ni zake?"

"Ni zake, mama."

"Zi hai?"

"Zi hai. Nikizitoa zitakaa saa kadhaa."

"Na ndizo zilizompigania?"

"Ni hizo. Hizo ndizo zinazokumbuka."

Alinyoosha mkono nimwinue.

Dakta Venant alikataa. Alisema sampuli si mali yangu wala ya familia, ni ya utafiti, ipo kamati, niandike maombi, watakaa, watajibu. Nilimuuliza kama kaburi nalo liandikiwe lisubiri. Akasema pole sana kwa msiba, Evelina, na alisema kwa dhati, na bado akakataa. Alipotoka kwenda kula nilivaa glovu nene, nikafungua pipa, moshi ule mweupe wa baridi ukanifunika mikono, nikakitoa kichupa chenye ukubwa wa kipande cha chaki. Nikakiweka kwenye chupa ya baridi tunayosafirishia. Wiki iliyofuata nilisimamishwa kazi, na kila neno la barua yao lilikuwa la haki. Ningekichukua tena leo.

Alhamisi tulimzika Doto. Rose alibaki wodini na Kulwa, mama amekosa maziko ya mwanawe ili mwingine aishi, na hakuna aliyemlaumu kwa sauti. Mvua ilikuwa imepumzika. Kaburi lilikuwa fupi mno, kama mtu alianza kuchimba akabadili mawazo. Mwinjilisti alisoma, tukaimba, kisha akasogea pembeni kwa adabu, maana wote pale walijua kinachofuata.

Nilikuwa nimekiyeyusha kichupa kwenye kiganja changu njiani kutoka barabarani, na kilikuwa cha uvuguvugu, maji ya rangi ya waridi hafifu. Mama Ngosha alishuka mwenyewe kaburini. Alifunua kitenge cha Rose alichofungiwa mtoto, akapandisha nguo ya mkono wa kulia, na ule mstari ukaonekana, unang'aa vile vile. Nikampa kichupa. Alikiweka juu ya mstari, akakifunga hapo kwa kitambaa, kwa uangalifu, kama anafunga kidonda.

Kisha aliinua uso akanitazama kutoka chini.

"Zinakumbuka bado?"

"Bado, mama."

"Zitamfundisha?"

Ngosha alikuwa amesimama karibu yangu, na nilihisi anataka niseme ndiyo. Watu wote walitaka. Ningeweza kusema, lingekuwa neno dogo tu. Lakini nilikumbuka mkono ule uliotudanganya sote, nikasema, "Hapana, mama. Zimechelewa."

Aliitikia kwa kichwa kwamba amesikia. Alimfunika mtoto, akamwekea mkono kifuani kwa muda, kisha akaomba ashikwe mkono atoke. Simu yangu ikaunguruma mfukoni. Rose alikuwa ameandika kwamba Kulwa amenyonya. Nilimwonyesha Ngosha, akasoma, akampa mama yake, naye akashika simu ile kwa mikono miwili ingawa hajui kusoma.

Walianza kufukia. Njia inayopita chini ya majaruba ndiyo inayotoka zahanati, na wakati huo akina mama walikuwa wanarudi wawili wawili, wamebeba watoto, wengine wamewapandishia nguo mkono wa kulia ili mahali pa sindano pasiguswe. Walipoona msiba walinyamaza na kupunguza mwendo. Nesi Hadiya alikuwa ameshafungua kichupa chake. Baadaye aliniambia kwamba siku hiyo walikuja wachache kwa sababu ya mvua, na kilichobaki alikimwaga.